Sydney: Jamii inayojengwa kuwazunguka watoto wenye usonji

Mwaka 1998 mwanafunzi wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Sydney, Judy Singer, aliwasilisha tasnifu iliyohusu kuzaliwa kwa jamii ya watu wenye usonji. Ndani yake alitumia neno la Kiingereza ambalo kwa Kiswahili laweza kuelezwa kuwa uanuwai wa ubongo. Maana yake ni kwamba bongo za binadamu hazifanani, kama vile nyuso zao zisivyofanana, na kwamba mtu mwenye usonji, mwenye disleksia au mwenye hali ijulikanayo kwa herufi ADHD si mgonjwa anayesubiri kuponywa, bali ni mtu wa namna nyingine anayehitaji kupewa nafasi.

Singer hakuandika akiwa mtazamaji wa mbali. Alijiona kuwa katikati ya vizazi vitatu vya wanawake, mama yake, yeye mwenyewe na binti yake, ambao wote aliamini kuwa walikuwa na sifa za usonji kwa viwango mbalimbali.

Mwaka huo huo mwandishi wa habari wa Marekani, Harvey Blume, alilitumia neno hilo katika jarida la The Atlantic. Mwaka 2024 kundi la wasomi lilihoji sifa anayopewa Singer peke yake, likieleza kwamba fikra hiyo ilikuzwa kwa pamoja na watu wenye usonji waliokuwa wakiandikiana katika miaka ya 1990. Ubishi kuhusu nani alitangulia hauna faida kubwa kwa mzazi. Lenye faida ni kwamba kabla ya neno kuingia vitabuni, kulikuwa na watu waliokwisha kukusanyika na kusaidiana.

Leo katika vitongoji vya magharibi mwa Sydney, kama vile Blacktown, Mount Druitt, Auburn na Liverpool, zinaishi familia zilizotoka Kenya, Kongo, Burundi, Somalia na Sudan Kusini, nyingine baada ya miaka mingi katika kambi za Kakuma au Kigoma. Familia hizo zimekuta nchi yenye sheria na fedha kwa ajili ya mtoto mwenye ulemavu. Hazikukuta bibi wa kumshika mtoto mkono, wala jirani wa kumwangalia wakati mama yuko kazini.

Wazazi walitangulia

Usonji ulielezwa kitabibu na Leo Kanner nchini Marekani mwaka 1943, na Hans Asperger mjini Vienna mwaka 1944. Kwa miaka mingi iliyofuata kina mama ndio waliobebeshwa lawama. Bruno Bettelheim wa Chicago alichapisha mwaka 1967 kitabu kilichodai kwamba ubaridi wa mzazi ndio unaomfungia mtoto ndani ya nafsi yake. Sayansi imelitupa dai hilo, na leo inaonyesha kwamba urithi wa vinasaba ndio wenye uzito mkubwa. Lakini lawama yenyewe haijafa, imebadili nguo tu. Msomaji wa Afrika Mashariki anaifahamu kwa majina mengine: mama alikiuka mwiko, ukoo una laana, mtoto amechezewa.

Mjini Sydney kundi la wazazi liliunda mwaka 1966 chama cha kuwahudumia watoto wenye usonji katika jimbo la New South Wales, wakati ambapo watoto wengi wa aina hiyo walihesabiwa kuwa hawafundishiki. Chama hicho ndicho kilichokua na kuwa shirika la Autism Spectrum Australia, maarufu kama Aspect, ambalo lina shule zake pamoja na madarasa madogo yaliyowekwa ndani ya shule nyingine.

Mjini Nairobi mambo yalikwenda kwa njia hiyo hiyo, ingawa kwa kuchelewa. Chama cha Usonji cha Kenya kilianzishwa na wazazi mwaka 2003, na kitengo cha watoto hao kikapata mahali katika Shule ya Msingi ya City. Nchini Tanzania, shule ya msingi ya Msimbazi Mseto jijini Dar es Salaam ni miongoni mwa shule za umma zenye kitengo kama hicho.

Sauti ya watu wenye usonji wenyewe ilifuata baada ya ile ya wazazi. Mwaka 1992 mwandishi Donna Williams, mzaliwa wa Melbourne, alishirikiana na Wamarekani Jim Sinclair na Kathy Grant kuunda mtandao wa watu wenye usonji wanaojisemea. Mwaka uliofuata, katika mkutano mjini Toronto, Sinclair aliwaambia wazazi jambo lililowaudhi baadhi yao: kwamba wanamlilia mtoto waliyemtarajia, ilhali mtoto waliyenaye yu hai na anawasubiri. Tangu hapo pande hizi mbili zimekuwa zikisaidiana na kugombana kwa wakati mmoja.

Mtoto asiyeamkia

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mtihani wa kwanza wa malezi ni salamu. Mtoto anaingia sebuleni, anakuta wageni, na anatarajiwa kutoa shikamoo, kupeana mkono na kujibu kuwa yuko darasa la ngapi. Mtoto mwenye usonji huenda akapita kimya, akaziba masikio, au akarudia mara kumi sentensi aliyoisikia kwenye televisheni. Wageni hawaoni ubongo wa namna nyingine. Wanaona utovu wa adabu, kisha macho yao yanahamia kwa mama.

Desturi inaweza pia kumficha mtoto. Orodha za uchunguzi zinazotumiwa na madaktari huuliza iwapo mtoto huwatazama watu machoni. Katika jamii ambamo mtoto mwenye adabu huinamisha macho mbele ya mkubwa, mzazi hana sababu ya kushtuka. Hata mtaalamu mwenye nia njema anaweza kusema kuwa huo ni utamaduni wao, akamrudisha mtoto nyumbani bila msaada.

Malezi yanayoukubali uanuwai huu huanza na mambo madogo ambayo hayahitaji fedha. Salamu ya kupunga mkono inakubaliwa kuwa salamu. Ugali na mchuzi huwekwa katika sahani mbili, kwa kuwa mtoto hustahimili chakula kisichogusana. Lebo ya ndani ya shati hukatwa. Kabla ya arusi au ibada yenye vipaza sauti, mtoto huonyeshwa kwa picha mahali anapokwenda na atakayoyakuta, na hutengewa chumba cha kukimbilia kelele zikizidi. Kupepea mikono au kujitikisa, mradi hajiumizi, hakukomeshwi kwa nguvu, kwani ndiyo njia ya mwili kujituliza.

Shangazi atasema mtoto anadekezwa. Hoja yake inastahili jibu. Mtoto anayedeka aghalabu hutazama kama kuna anayemwona, na hunyamaza akipewa alichokitaka. Mtoto aliyezidiwa na sauti, mwanga au msongamano wa watu huendelea kulia hata akipewa kila kitu, wala haoni nani anamtazama. Wa kwanza anahitaji mpaka. Wa pili anahitaji utulivu, na kiboko humwongezea mzigo uleule uliomwangusha.

Kiswahili kibaki nyumbani

Kuna ushauri mmoja ambao familia nyingi za wahamiaji zimewahi kupewa, na ambao umeleta hasara kubwa: kwamba mtoto aliyechelewa kusema asemeshwe Kiingereza peke yake, ili asichanganyikiwe. Utafiti uliofanywa katika nchi kadhaa haujaonyesha kwamba kukua na lugha mbili kunachelewesha zaidi usemi wa mtoto mwenye usonji.

Hasara ya ushauri huo huonekana polepole. Mama ambaye Kiingereza chake ni cha kazini huzungumza kwa sentensi fupi, bila utani, bila hadithi, bila nyimbo za kubembeleza. Mtoto hupata maneno machache kuliko ambayo angeyapata kwa Kiswahili, Kirundi au Kisomali. Isitoshe, siku bibi anapopiga simu kutoka Uvira au Lamu, hakuna lugha inayowaunganisha. Mtoto ambaye tayari ana shida ya kuwafikia watu anapunguziwa idadi ya watu wa kuwafikia.

Shuleni

Sheria ya Australia ya mwaka 1992 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu. Lakini sheria hiyo ilipata mtihani mkubwa kutoka jimbo hili hili la New South Wales. Mwanafunzi mmoja wa sekondari mwenye athari ya ubongo alifukuzwa shule mwaka 1997 kwa ajili ya vitendo vyake, na Novemba 2003 Mahakama Kuu ya Australia iliamua, majaji wawili wakipinga, kwamba shule haikumbagua, kwa sababu mwanafunzi mwingine mwenye mwenendo huo angefukuzwa vilevile. Ilikuwa kana kwamba mwenendo na ulemavu uliouzaa vinaweza kutenganishwa kwa kisu.

Kanuni za elimu kwa wanafunzi wenye ulemavu zilitolewa mwaka 2005, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2009 yakaweka wazi wajibu wa kufanya mabadiliko ya busara ili mtu asiachwe nyuma. Kwa mwanafunzi mwenye usonji mabadiliko hayo yanaweza kuwa ratiba ya picha, ruhusa ya kuvaa vifaa vya kuziba masikio, au mtihani katika chumba kidogo. Kanuni zinaitaka shule imshauri mwanafunzi au mzazi wake kabla ya kuamua.

Hapo ndipo familia nyingi za Afrika Mashariki hukwama. Mzazi aliyesoma katika shule ambako neno la mwalimu halipingwi huja mkutanoni kwa heshima, hutikisa kichwa na kutia saini. Walimu wa Sydney huchukulia ukimya huo kuwa ridhaa, na mara nyingine kuwa kutojali. Ni afadhali mzazi aje na mtu wa pili, na aje na karatasi yenye mambo matatu tu: kinachomtuliza mtoto, kinachomvuruga, na anachokipenda. Karatasi hiyo humsaidia mwalimu kuliko ripoti ya kurasa 20.

Wapo watoto ambao hata hivyo hushindwa kuingia darasani. Kamati ya Baraza la Seneti ilitoa mwaka 2023 ripoti kuhusu wanafunzi wasioweza kwenda shule, na watoto wenye usonji na ADHD walitajwa sana katika ushahidi. Baadhi ya wazazi huandikisha mafunzo ya nyumbani, jambo linaloruhusiwa jimboni chini ya sheria ya elimu ya mwaka 1990. Ni njia inayodai mzazi mmoja aache kazi, na kwa familia ya wafanyakazi wa zamu za usiku si rahisi.

Kuhusu shule maalumu, hata wataalamu hawakukubaliana. Tume ya Kifalme iliyochunguza ukatili na unyanyasaji dhidi ya watu wenye ulemavu ilitoa ripoti yake ya mwisho Septemba 2023. Makamishna watatu walitaka shule hizo zifungwe hatua kwa hatua hadi mwaka 2051. Wengine watatu, akiwamo mwenyekiti Ronald Sackville, walikataa.

Fedha, na hofu ya viza

Mpango wa Kitaifa wa Bima ya Ulemavu, unaojulikana kwa herufi NDIS, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2013 na ukaanza kuenezwa katika jimbo zima la New South Wales kuanzia Julai 2016. Sasa una washiriki zaidi ya 700,000 kote nchini, na usonji ndio hali inayoongoza kwa idadi. Fedha za mpango hulipia wataalamu wa usemi, wataalamu wanaomfundisha mtoto shughuli za kila siku, na mara nyingine saa za mtu wa kumsaidia mzazi.

Agosti 2025 Waziri wa Afya Mark Butler alitangaza mpango mwingine, Thriving Kids, wenye lengo la kuwahudumia watoto wadogo wenye usonji au ucheleweshi wa ukuaji wa kiwango cha chini na cha kati nje ya NDIS. Wazazi wengi walipokea tangazo hilo kwa wasiwasi.

NDIS inawapokea raia, wakaazi wa kudumu na baadhi ya raia wa New Zealand wanaoishi nchini. Mkimbizi aliyefika kwa viza ya kudumu ya kibinadamu anastahili. Mwanafunzi wa Kenya au muuguzi mwenye viza ya muda hastahili, na mtoto wake hastahili.

Zaidi ya hayo, wanaoomba ukaazi wa kudumu hupimwa iwapo ugonjwa au ulemavu wa mmoja wao utaigharimu serikali kuliko kiwango kilichowekwa. Julai 2024 kiwango hicho kilipandishwa kutoka dola 51,000 za Australia hadi 86,000. Kwa viza nyingi, mmoja wa familia akishindwa, wote wameshindwa, ingawa kwa baadhi ya viza sharti hilo linaweza kusamehewa. Sheria ya kupinga ubaguzi haigusi maamuzi haya, kwa kuwa sheria ya uhamiaji imewekwa nje yake. Australia iliporidhia mwaka 2008 mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ilitoa tamko la kulinda masharti yake ya afya kwa wahamiaji.

Matokeo yake ni rahisi kuyakisia. Mzazi anayesubiri ukaazi huona kwamba cheti cha daktari kinaweza kuirudisha familia nzima Nairobi, akaamua kungoja. Miaka anayongoja ndiyo miaka ambayo mtoto angefaidi zaidi msaada. Si haki kumwita mzazi huyo mjinga au mwenye aibu. Amepiga hesabu, na anahitaji mwanasheria wa uhamiaji kabla ya mahubiri.

Saa mbili za Jumanne

Jamii za Afrika Mashariki ughaibuni zina ustadi wa kusaidiana ambao Waaustralia huustaajabia. Mtu akifariki mjini Sydney, nauli ya mwili wake hupatikana kwa siku chache. Arusi hupata kamati. Lakini ustadi huo umeundwa kwa ajili ya tukio, nao usonji si tukio. Ni kila siku. Mama wa mtoto mwenye umri wa miaka minane hahitaji mchango wa harambee kama anavyohitaji mtu atakayekaa na mtoto wake saa mbili kila Jumanne, bila kuogopa, ili yeye alale au awapeleke watoto wengine kucheza mpira.

Vikundi vinavyodumu aghalabu hufanana katika mambo kadhaa. Hukutana mahali palepale, saa ileile, kwa kuwa mabadiliko ya ghafla huwatesa watoto. Huwapa ndugu wa mtoto nafasi ya kusema, maana mara nyingi wao husahaulika. Huwaita kina baba kwa majina badala ya kusema wazazi wote wanakaribishwa, maneno ambayo kwa kawaida huleta kina mama pekee. Na huwasikiliza watu wazima wenye usonji. Singer mwenyewe alishiriki kuanzisha klabu ya vijana wenye usonji mjini Sydney, na wapo akina mama waliojitambua kuwa na hali hiyo baada ya watoto wao kuchunguzwa. Katika jamii ya Waafrika sauti hizo bado ni chache, na kukosekana kwake ni pengo kubwa kuliko ukosefu wa vitabu.

Viongozi wa dini wana uzito usioweza kupuuzwa. Sheikhe au mchungaji akisema mara moja, hadharani, kwamba mtoto huyu hana jini wala pepo na kwamba kelele zake katika ibada si dhambi, anafungua mlango ambao kipeperushi cha serikali hakiwezi kuufungua. Kinyume chake ni kweli pia. Katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, hofu ya usonji miongoni mwa Wasomali iligeuzwa na wapinga chanjo kuwa hofu ya chanjo ya surua, na mwaka 2017 mlipuko wa ugonjwa huo uliwapata zaidi ya watu 70, wengi wao watoto wa Kisomali. Utafiti wa Uingereza uliozusha dhana hiyo mwaka 1998 ulikuwa umekwisha kufutwa na jarida la Lancet tangu mwaka 2010.

Wasioridhika

Si wote wanaoikubali lugha ya uanuwai. Wapo wazazi wa watoto wasiosema neno, wanaojipiga kichwa ukutani na watakaohitaji uangalizi maisha yao yote. Wao husema kwamba wanaozungumza kwa niaba ya watu wenye usonji ni wale wenye uwezo wa kuzungumza. Malalamiko hayo yana msingi, hasa serikali inapotafuta sababu ya kupunguza matumizi. Jibu la watetezi ni kwamba kumkubali mtu hakumaanishi kumnyima msaada, na kwamba mtoto asiyesema anastahili kwanza njia nyingine ya kuwasiliana, kama vile picha au kompyuta ndogo inayotamka. Katika nyumba nyingi mambo yote mawili ni ya kweli siku moja.

Mahali pa kuanzia

Mjini Sydney, taasisi iitwayo Multicultural Disability Advocacy Association imekuwa ikiwatetea watu wenye ulemavu wanaotoka katika jamii za wahamiaji tangu miaka ya 1990. Mradi wa Positive Partnerships, unaoendeshwa na Aspect kwa fedha za serikali ya shirikisho, huwafundisha wazazi na walimu jinsi ya kufanya kazi pamoja. Vikundi vya MyTime huwakutanisha wazazi bila malipo, na msaidizi hucheza na watoto wadogo wakati wakubwa wanazungumza. Walezi hupata ushauri kwa simu namba 1800 422 737.

Mkalimani wa Kiswahili hupatikana kwa namba 131 450. Inafaa kusema mapema iwapo familia inazungumza Kiswahili cha Bukavu au cha Mombasa, maana tofauti hizo huweza kupotosha maelezo ya daktari. Na kwa kuwa jamii ni ndogo, na mkalimani aliyeketi chumbani anaweza kuwa mtu wa kanisa moja au msikiti mmoja na familia, mzazi anaweza kuomba ukalimani wa simu, na kuomba mkalimani aliye katika jimbo jingine.